Wakubwa walisema, sisi tukakata

Kila mara mjadala wa kuavya mimba unapoanza kutrendi Kenya, unaweza kutabiri posta zitakazofuata. Itakuja ya Mother Teresa na ile sari yake nyeupe yenye mistari ya bluu. Itakuja ya Papa Francis. Itakuja ya mama mmoja Mmarekani wa zamani, Margaret Sanger, na maandishi mekundu kando ya uso wake. Halafu klipu ya sekunde ishirini ya mbunge, askofu au daktari. Chini yake, wasee wanatusiana hadi usiku wa manane.

Ni wachache wanaouliza maswali madogo. Huyu mtu alisema haya lini? Alikuwa akijibu swali gani? Na baada ya hapo aliendelea kusema nini?

Sasa, kukata maneno kwenyewe si dhambi. Kila anayenukuu hukata, hakuna mtu atakayebandika hotuba ya saa nzima kwenye WhatsApp. Shida ni kile kinachotupwa. Ukiziangalia hizi posta kwa makini, za wanaopinga na za wanaounga mkono, utaona mchezo mmoja ukijirudia: kipande kinachoachwa nje ni kile ambacho kingemgharimu aliyeshea. Kingemlazimisha akubali jambo, atoe kitu, au amsikilize mtu wa upande ule mwingine. Kwa hivyo anakichuja na kutuletea kile kitamu peke yake.

Makala haya hayatakuambia uunge mkono nani. Kuna watu wa maana pande zote mbili, na si kazi ya blogu kukuchagulia dhamiri. Lakini kwa jambo hili moja nina msimamo, na nitauonyesha kwa mifano.

Papa mmoja, siku mbili

Tuanze na Papa Francis kwa sababu hapa kwetu jina lake lina uzito. Alikuja Nairobi Novemba 2015 na akafika hadi Kangemi. Lakini stori yenyewe inaanza miaka miwili kabla ya ziara hiyo.

Septemba 19, 2013, majarida ya Wajesuiti yalichapisha mahojiano marefu naye. Humo alisema Kanisa haliwezi kung'ang'ania mambo ya kuavya mimba, ndoa za jinsia moja na mbinu za kupanga uzazi peke yake. Dunia ikashtuka. NARAL, shirika la Marekani linalotetea haki ya kuavya mimba, likaweka posta Facebook kumwambia Papa asante kwa niaba ya wanawake wote wanaounga mkono haki hiyo.

Nini kilichoachwa nje? Katika mahojiano yayo hayo Papa alisema msimamo wa Kanisa kuhusu mambo hayo uko wazi, na kwamba yeye ni mwana wa Kanisa. Akasema pia kwamba tukiyazungumzia, ni lazima tuyazungumze katika muktadha. Manze, hebu fikiria. Maneno yaliyonyofolewa nje ya muktadha yalikuwa yenyewe yanaomba muktadha.

Kesho yake, Septemba 20, Papa huyo huyo alikutana na madaktari Wakatoliki wa magonjwa ya wanawake. Hapo akalaani kuavya mimba bila kumung'unya, akasema kila mtoto anayehukumiwa kutozaliwa ana uso wa Bwana. Sasa ikawa zamu ya upande wa pili kushangilia. Miaka mitano baadaye, Oktoba 2018, akiwahutubia waumini Vatican, alifananisha kuavya mimba na kukodi muuaji ili kumaliza tatizo. Hiyo ndiyo klipu inayopendwa zaidi na wanaopinga.

Nao pia wana makasi yao. Mnamo Septemba 2015, Papa huyo huyo aliandika barua ya kuwaruhusu mapadri wote, kwa Mwaka wa Huruma, kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu. Humo alisema amekutana na wanawake wengi wanaobeba moyoni kovu la uamuzi huo mchungu. Mwaka 2016 akaendeleza ruhusa hiyo bila kikomo. Je, umewahi kuona posta ya kovu ikipachikwa kando ya posta ya muuaji wa kukodiwa? Mimi sijawahi.

Upande mmoja ulitaka Papa asiyesema ni dhambi. Upande wa pili ulitaka Papa asiyemwonea huruma aliyefanya. Hao mapapa wawili hawajawahi kuishi. Aliyeishi alisema yote mawili, na yeyote anayemnukuu kwa uaminifu lazima ameze nusu asiyoipenda.

Nusu ya pili ya Mother Teresa

Disemba 1979, Mother Teresa alipokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo. Katika hotuba yake alisema mharibifu mkubwa wa amani siku hizo ni kuavya mimba. Maneno hayo yako kwenye mabango, fulana, mahubiri na WhatsApp ya kina shosho. Ni maneno yake kweli. Hakuna aliyemsingizia.

Lakini hotuba haikuishia hapo. Aliendelea kueleza kwamba yeye na masista wake walituma ujumbe kwenye zahanati, hospitali na vituo vya polisi: tafadhali msimwangamize mtoto, sisi tutamchukua. Alisema wanapambana na kuavya mimba kwa njia ya kuasili watoto. Yaani kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, alikuwa ameshafungua mlango wa nyumba yake.

Sasa chukua posta ya sentensi ya kwanza na uangalie inavyotembea mtaani kwetu. Anayeishea amefungua mlango gani? Binti wa Form Three akipata mimba, nani katika lile kundi la WhatsApp amewahi kumwambia, "Njoo, tutakulea na mtoto wako, na karo tutasaidiana"? Wako watu wanaofanya hivyo, na ninawavulia kofia. Lakini wengi tunachukua ile sentensi ya bure na kuiacha ile ya gharama. Mother Teresa alilipia maneno yake. Sisi tunayatumia kwa deni.

Usifikiri wale wanaomkosoa ni wasafi. Wapo wanaomchora kama bikizee mkatili asiyejali wanawake, na wao hawataji kamwe hiyo ahadi ya "tutamchukua". Wanaiacha kwa sababu ingewalazimisha wakubali kwamba alimaanisha alichosema.

Mama Sanger na barua ya 1939

Huyu wa tatu huenda hujamjua, lakini posta zake umeziona. Margaret Sanger alikuwa muuguzi wa Marekani aliyepigania upangaji uzazi, na shirika alilolianzisha ndilo lililokuja kuwa Planned Parenthood. Kuna sentensi moja yake inayozungushwa sana Afrika: ati hatutaki habari zienee kwamba tunataka kuwamaliza watu weusi. Inabandikwa kama ushahidi wa njama. "Mnaona? Mzungu alikiri mwenyewe!"

Sentensi hiyo ipo. Iko kwenye barua ya Disemba 10, 1939, aliyomwandikia daktari mmoja, Clarence Gamble. Walikuwa wanapanga kliniki za upangaji uzazi kwa watu weusi kusini mwa Marekani. Sanger alikuwa anasema wahubiri weusi wahusishwe, ili uvumi huo ukizuka, wao ndio wauzime. Ukiisoma barua nzima, unamkuta mtu anayeogopa uvumi. Ukisoma kipande, unamkuta mtu anayeficha mauaji. Hizo ni stori mbili tofauti kabisa.

Kingine kinachoachwa: mwaka 1916 Sanger alipofungua kliniki yake ya kwanza Brownsville, Brooklyn, karatasi za matangazo ziliwaambia akina mama wasiue, wasitoe uhai, bali wazuie. Huyo ndiye posta zinamwita mama wa kuavya mimba.

Haya, je, yeye ni malaika? La hasha. Na hapa ndipo upande wa pili unapotoa makasi yake. Sanger aliunga mkono yujenikisi, yale mawazo ya kwamba watu wanaoonekana "dhaifu" wasizaane. Kwa miaka mingi waliomsifu waliliruka jambo hilo kama dimbwi la maji machafu. Ni Julai 2020 tu ambapo tawi la Planned Parenthood la New York lilitangaza kuondoa jina lake kwenye kliniki ya Manhattan kwa sababu hiyo. Kwa hivyo anayemtumia kama shetani anakata, na anayemtumia kama shujaa anakata pia.

Mwanamke aliyegombaniwa hadi kaburini

Mfano wa nne unauma zaidi, kwa sababu hapa kilichokatwa ni maisha ya mtu.

Kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Januari 22, 1973, ilifungua njia ya kuavya mimba kisheria nchi nzima kule. "Jane Roe" lilikuwa jina la kubuni. Mwanamke mwenyewe aliitwa Norma McCorvey, wa Texas, mtu wa maisha magumu. Wengi hawajui kwamba hakuwahi kuitoa ile mimba. Uamuzi ulipotoka, mtoto alikuwa ameshazaliwa, amechukuliwa na familia nyingine, na amepita miaka miwili.

Kwanza alikuwa nembo ya watetezi. Mwaka 1995 akabatizwa kwenye bwawa la kuogelea mbele ya kamera, na mhubiri wa kundi lililokuwa likizingira kliniki. Akageuka nembo ya wapinzani na kuzunguka akihubiri dhidi ya kesi iliyobeba jina lake la kubuni. Alifariki Februari 2017. Mwaka 2020 ikatoka filamu ya makala, AKA Jane Roe, ambamo anasema kabla ya kifo chake kwamba alichukua pesa za wapinzani, wakamweka mbele ya kamera na kumwambia la kusema. Ilikuwa maigizo, akasema. Baadhi ya waliomfahamu wakabisha, wakisisitiza kwamba imani yake ilikuwa ya kweli.

Nani anasema ukweli? Ukimsikiliza Norma mwenyewe kwa miaka yote hiyo, unamsikia akilalamika kwamba mawakili wa upande wa kwanza walimtumia, kisha wahubiri wa upande wa pili wakamtumia. Hilo ndilo lalamiko lililodumu. Na ndilo pekee ambalo hakuna upande ulioliweka kwenye bango.

Mwaka 2022, Juni 24, mahakama ile ile ikaifuta Roe. Sauti ya Norma ikachimbuliwa tena, vipande vipande, kila mtu na chake.

Sasa turudi nyumbani

Utaniuliza, "Buda, haya ya Vatican na Texas yanatuhusu nini?" Yanatuhusu kwa sababu Kenya tumejifunza mchezo huo huo, na kitu tulichokikata si hotuba ya mtu. Ni Katiba.

Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinahusu haki ya uhai. Kinasema maisha ya mtu huanza mimba inapotungwa. Kisha, kwenye kifungu kidogo cha nne, kinasema hivi kwa maneno ya kawaida: kuavya mimba hakuruhusiwi, isipokuwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu.

Ni sentensi moja, na katikati yake kuna neno "isipokuwa". Upande mmoja unakata kabla ya neno hilo: "Katiba imepiga marufuku, stori imeisha." Upande mwingine unaanza baada yake: "Katiba imeruhusu, stori imeisha." Wote wanaapa kwamba wananukuu Katiba.

Kinachochekesha ni historia yake. Mwaka 2010, kabla ya kura ya maamuzi, kambi ya La, rangi nyekundu, ikiwa na William Ruto na viongozi wengi wa makanisa, ilisema kifungu hicho kinafungua mlango wa kuavya mimba. Kambi ya Ndiyo, kijani, ya Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Raila Odinga, ikajibu: someni, kimeandikwa hakuruhusiwi. Agosti 4 kijani ikashinda kwa takriban asilimia 67. Sikiliza mijadala ya leo sasa. Wengi wanaopinga ndio wanaonukuu "hakuruhusiwi". Wengi wanaotetea ndio wanaoonyesha mlango. Ni kama timu mbili zilizobadilishana jezi wakati wa mapumziko na kuendelea kucheza kana kwamba hakuna aliyeona.

Kuna tofauti kubwa kati ya kukata maneno ya Papa na kukata Katiba. Ukimkata Papa, unawakasirisha watu mtandaoni. Ukiikata Katiba, kuna mtu anaweza kufa.

Barua ya ofisini iliyogharimu

Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilikuwa na miongozo ya kuwaelekeza wahudumu kuhusu hali ambazo Katiba inaruhusu. Disemba 2013 ofisi ya Mkurugenzi wa Huduma za Matibabu ikaiondoa kwa barua. Miezi michache baadaye ikatoka nyingine ya kuwazuia wahudumu wasishiriki mafunzo kuhusu jambo hilo. Hayo nayo ni maneno ya mkubwa. Na maneno ya mkubwa wa serikali yakishuka hadi kwa muuguzi wa zamu ya usiku, masharti yote hupotea njiani, na kinachobaki ni: usiguse.

Mwishoni mwa 2014, msichana mdogo aliyebakwa alifanyiwa utoaji mimba usio salama. Figo zake ziliharibika. Kesi iliyofunguliwa kwa ajili yake, ambamo alitambulika kwa herufi tatu tu, ilifika mbele ya majaji watano wa Mahakama Kuu. Juni 2019 walisema kuondolewa kwa miongozo ile kulikiuka Katiba. Hakuwepo kusikia. Alifariki 2018.

Usichukue kisa chake ukakifanya posta pia. Nimekitaja kwa sababu moja: kati ya maneno yaliyoandikwa kwenye Katiba na maneno yaliyofika kwa wahudumu kulikuwa na pengo, na yeye alikuwa kwenye lile pengo.

Hata hukumu hukatwa. Machi 2022, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Malindi aliamua kesi ya msichana wa shule na mhudumu wa afya waliokamatwa Kilifi mwaka 2019. Alisema huduma ya kuavya mimba ni haki ya msingi chini ya Katiba, na akalaani ukamataji wa kiholela. Alikuwa anatafsiri kifungu chenye masharti. Kwenye posta masharti yakayeyuka. Upande mmoja ukaandika "ni haki" kwa furaha, mwingine "ati ni haki" kwa hasira, na wote wawili wakakubaliana kwenye jambo moja tu: kukata. Uamuzi huo ulikatiwa rufaa, kwa hivyo hata leo anayeunukuu kama neno la mwisho bila kuangalia kilichofuata anakuuzia gazeti la jana.

Nani anashika makasi?

Tusijidanganye kwamba haya yote ni bahati mbaya ya vijana wavivu kusoma. Kuna watu kazi yao ni hii.

Mswada wa Afya ya Uzazi wa 2019, uliopelekwa Seneti na Susan Kihika, aliyekuwa Seneta wa Nakuru, uligusa mambo mengi: upangaji uzazi, kubebeana mimba, huduma kwa vijana. Mtandaoni uligeuka jina moja, "mswada wa kuavya mimba", na mwishowe haukuwa sheria. Ripoti ya Mozilla Foundation ya mwaka 2022 ilieleza jinsi kampeni zilizohusishwa na CitizenGO, shirika lenye makao makuu Uhispania, zilivyosukuma hashtegi kwenye Twitter ya Kenya dhidi ya miswada ya aina hiyo. Yaani ile hasira uliyodhani imetoka Githurai huenda ilipangwa na watu wasiojua Githurai iko wapi.

Na upande wa watetezi nao una pesa za nje, mafunzo ya nje na maneno ya nje. Hilo si siri. Pesa za nje zinaweza hata kununua kimya. Tangu 1984, marais wa Marekani wa chama cha Republican wamekuwa wakirudisha kanuni inayoyanyima msaada mashirika ya nje yanayotoa au kupigia debe huduma za kuavya mimba, hata yakitumia pesa zao wenyewe. Marais wa Democratic huiondoa. Donald Trump aliirudisha 2017, Joe Biden akaiondoa 2021, Trump akairudisha tena 2025. Fikiria wewe ni mshauri wa vijana kwenye kliniki ya mtaani. Kile unachoruhusiwa kumwambia msichana aliyekaa mbele yako kinategemea nani ameshinda kura Pennsylvania.

Msichana anayetafuta jibu

Sasa weka haya yote mkononi mwa mtu mmoja. Msichana wa miaka 19, Pipeline au Likoni, saa sita usiku, bando la shilingi ishirini. Ana mimba na anavuja damu, au daktari amemwambia moyo wake hauwezi kuibeba hiyo mimba. Anaandika swali kwenye simu. Anapata nini? Papa na muuaji wa kukodiwa. Papa na posta ya asante. Mother Teresa bila ile ahadi. Sanger. Mbunge akipiga meza. Kila mkubwa amesema, na hakuna aliyemjibu.

Majibu aliyostahili hayahitaji mkubwa yeyote. Kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, kwa hivyo anayevuja damu aende hospitali sasa hivi, haijalishi kimetokea nini. Kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza mtaalamu wa afya aliyefunzwa ni nani: daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki. Si yule jamaa wa uchochoroni mwenye tembe ndani ya gazeti. Kwamba Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu ukoloni, bado ina kifungo cha hadi miaka saba kwa mwanamke na hadi miaka kumi na minne kwa anayemtoa mimba nje ya sheria. Hayo ni mambo matatu yanayoingia kwenye posta moja, na yanamsaidia hata msichana ambaye mwishowe ataamua kuzaa. Kwani ni kwa nini hayatrendi?

Kwa sababu hayamshindi mtu. Hayampi yeyote ushindi juu ya jirani.

Ombi kwa wenye kalamu na wenye simu

Kwa wahariri: mkiandika kichwa cha habari kuhusu hukumu, "isipokuwa" iwe ndani. Mkicheza klipu ya kiongozi, tuambieni tarehe na swali aliloulizwa. Na mkiita wageni wanne studio kujadili miili ya wanawake, angalau mmoja awe mtu aliyewahi kukaa kwenye kile kiti cha kliniki, asiwe wakili, padri na wabunge wawili tu.

Kwa sisi wenye simu: usiache kunukuu. Ila kabla ya kubonyeza, tafuta ile nusu nyingine na uiweke pamoja. Ukimnukuu Papa kuhusu dhambi, weka na msamaha wake. Ukimnukuu kuhusu huruma, weka na dhambi. Ukimtumia Mother Teresa, sema wewe unamchukua nani. Na kama nusu nyingine inakuchoma kiasi cha kutotaka kuishea, basi jua kwamba hukuwa unamnukuu mtu. Ulikuwa unavaa uso wake.

Na ukikutana na mtu anayenukuu Katiba, mwambie asome polepole hadi afike kwenye "isipokuwa". Akifika hapo, asinyamaze. Aendelee hadi nukta.